Sisimizi Nyuma ya Bafu Lako

Bulapesa, Isiolo.
Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani na mimi nikiwa na kalamu.

Wakesho, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu za upepo na vumbi, maana ndivyo vilivyojaa huku. Bahasha ikifika na mchanga ndani usimlaumu mtu wa posta, ni wangu.

Kwanza ujue kwamba kaka yako ameurudia ujana. Jana niliinua injini ya lori peke yangu. Gereji nzima iliacha kazi, watu wakapiga makofi, na mama mmoja muuza maziwa ya ngamia akauliza kama nina mke.

Haya, si kweli. Niliinua kifuniko cha injini, na hicho chenyewe nilikifikisha nusu nikaketi. Makofi yalikuwepo, ila yalikuwa ya kuua nzi. Na yule mama wa maziwa aliuliza kama nina watoto wa kuja kunichukua.

Wewe je, hujambo? Usinijibu lile jibu la mlangoni mwa kanisa, kwamba hatujambo na Mungu ni mwema. Mungu ni mwema, hilo tunalijua. Mimi nauliza mguu. Kile kidonda cha jembe kimefunga au bado kinatoa maji? Bado unaamka usiku mara kwa mara? Bado unakunywa mtungi mzima na koo linabaki kama barabara ya Oldonyiro wakati wa kiangazi?

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Tukiongea juu ya mbuzi, sauti yako inasikika kama uko hapa uani. Nikitaja neno sukari, mara moja mtandao wa milima ya Taita unapotea. Nikipiga tena napokelewa na mumeo, anasema umeenda mtoni. Mto gani huo unaokwenda kila mara kaka yako akitaka kusema neno? Barua haina pa kukata. Ukiichana nitaandika nyingine, ndefu zaidi.

Nitaanza na maneno yako mwenyewe, yale ya Pasaka. Uliniambia kwamba sisimizi wamepanga mstari kutoka kwenye migomba mpaka nyuma ya bafu, pale unapojisaidia usiku kwa uvivu wa kufika chooni. Ukimwaga jivu wanalizunguka. Ukimwaga maji ya moto, kesho wako palepale. Halafu ukashusha sauti, ukasema unamjua aliyewatuma. Mkamburi, jirani yako, kwa sababu mligombania maji ya mfereji.

Tangu siku hiyo sijatulia, Wakesho. Nikikaa nasimama, nikisimama sikumbuki nilisimamia nini. Wiki hii nimefunga pampu ya lori la watu nikasahau kukaza bomba, mafuta yakamrukia mwenye lori kifuani, akiwa na kanzu nyeupe tayari kwa Ijumaa. Alinitukana kwa lugha ambazo sizijui na bado nilielewa.

Sijatulia kwa sababu baba naye alikuwa na sisimizi. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unakula udongo. Mimi nakumbuka. Baba alikuwa mtu mzito, halafu akaanza kuisha kama sabuni. Anakula kuliko sisi sote na anakonda. Anakunywa maji amesimama, amekaa, amelala. Na nyuma ya ghala, mahali alipozoea kwenda haja ndogo, sisimizi walikuja kama watu wa mnada. Wazee wakatazama, wakakohoa, wakasema amerogwa. Na nani? Na babake Mkamburi. Yeye ndiye alikuwa jirani, na jirani ndiye aliye karibu kulaumiwa. Baba alipokufa hatukuwasalimia tena wale watu. Babake Mkamburi naye alipokufa, hakuna mkono wa nyumbani kwetu ulioshika koleo. Wewe umerithi shamba la baba, ukarithi na ule ugomvi, na sasa naona unataka kurithi na sisimizi.

Sasa sikiliza nilivyoujua ukweli wa sisimizi hao.

Unajua kazi yangu hapa. Nilikuja kutengeneza lori moja kwa wiki moja, nikazeekea hapo hapo. Natengeneza pampu za dizeli, zile zinazosukuma mafuta kwenye injini. Na huku kazi haianzi bila chai. Borana akileta pampu, chai. Msomali akija kuulizia pampu, chai. Mmeru akija kubishana bei, chai pia, ila hiyo nalipa mimi. Chai yenyewe ni ya maziwa, na sukari wanatia kana kwamba kesho itapigwa marufuku. Kukataa ni kama kumwambia mtu kwamba mkono wake mchafu. Nimekunywa chai hiyo miaka yote bila kumkosea mtu hata mmoja.

Basi nikaanza kusinzia kazini. Nasinzia na spana mkononi. Macho yakaingia ukungu. Rafiki yangu Guyo, dereva wa malori ya Moyale, Borana mwenye domo kubwa kuliko lori lake, akanibeba mpaka kliniki. Alimwambia nesi, "Dada, angalia hii mzee. Injini iko, lakini haivuti."

Nesi huyo anaitwa Qabale. Ni msichana anayeweza kuwa mjukuu wangu, lakini anapokukazia macho unatamani kuomba msamaha hata kwa makosa ya jirani. Akanidunga kidole, akatia tone kwenye kimashine, akakitazama, akanitazama mimi.

"Babu, damu yako ni sharubati."

"Basi niwekee barafu," nikamwambia.

Hakucheka. Akaniambia ni kisukari. Akanipa vidonge, akasema nivimeze na chakula, nipunguze vitamu, nitembee kidogo kila siku. Nilisikia yote, lakini nilisikia kifundi. Mimi nilichoelewa ni kwamba mafuta yamezidi kwenye injini. Na fundi akikuta injini imelewa mafuta anafanya nini? Anafunga tangi, halafu anaipigisha kazi ngumu mpaka ichome yaliyobaki na moshi mweusi uishe. Nikajiambia, kumbe ni kazi ndogo, wala haihitaji msichana.

Kesho yake nikameza kidonge, nikaongeza na kingine cha heshima. Sikula kitu. Nikashika barabara ya Ngaremara kwa miguu, jua likipanda, nikitembea kama askari aliyeitwa na bibi harusi. Mwanzoni nilijisifu. Malori yalikuwa yananipigia honi, nami nawapungia mkono. Halafu jasho likaanza kutoka, la baridi, na magoti yakacheza ngoma yao peke yao. Nikaona mbuzi kando ya njia. Nikamsalimia. Nikamwita Wakesho, nikamwuliza kwa nini hapokei simu.

Kulikuwa na mama Mturkana hapo, anauza chai na makaa chini ya turubai. Wanamwita Mama Ekiru. Nilimsikia akicheka na mteja wake.

"Tazama mzee na mvi yote hiyo. Amelewa asubuhi."

Mteja akasema, "Mwache, ataangukia mbuzi yake."

Lakini Mama Ekiru alisogea, akanishika shingo, akaninusa kama mtu anayenunua samaki. "Huyu hanuki pombe," akasema. "Huyu anatetemeka. Hii ni njaa. Njaa tunaijua sisi." Akachota sukari, akakoroga mpaka kijiko kikachoka, akanishika taya kama mtoto anayekataa dawa. "Kunywa, mzee. Ukikufa hapa, wateja hawatakuja."

Nikanywa. Na Wakesho, siwezi kukueleza. Dunia ilirudi kama taa za mji umeme ukirudi, kona moja, halafu nyingine. Nikamwona mbuzi ni mbuzi. Nikaona aibu mbele yake.

Guyo aliyekuwa anapita kwenda Moyale akanigeuzia lori lote, ng'ombe nyuma wakilalamika, akanirudisha kliniki. Qabale alikuwa amekwisha sikia, sijui nani alimpigia. Mji huu hauna siri.

"Babu, nani amekuambia mwili ni lori?"

"Wewe ulisema mafuta yamejaa."

"Nilisema sukari imejaa kwenye damu. Sikusema imejaa kwenye seli. Kaa chini."

Nikakaa. Akanieleza, na alichonieleza ndicho kinachoninyima usingizi, kwa hiyo nakuwekea hapa kwa lugha ya gereji.

Mwili si lori moja. Ni malori yasiyohesabika, madogo kuliko vumbi, na kila moja ndilo linaitwa seli. Ndani ya kila seli mna vijiinjini, anaviita mitokondria, jina kama la mchezaji wa mpira aliyenunuliwa kutoka nje. Chakula ulichokula kinavunjwavunjwa mpaka kuwa sukari nyepesi, damu inakibeba, kinafika mlangoni mwa seli. Kikiingia, vile vijiinjini vinakichoma pamoja na hewa unayovuta. Hakuna moto unaoonekana. Kinachotoka ni joto, na maji kidogo, na ile hewa chafu unayopumua nje, na chaji. Chaji ndiyo nguvu yenyewe. Lakini haiwekwi akiba kwenye debe. Inatumika palepale, inachajiwa tena palepale, kama simu ya kijana isiyotoka ukutani. Nikamwuliza, hata nikilala? Akasema hata ukilala. Moyo unachoma, ubongo unachoma, kucha inayoota inachoma. Ukiacha kuchoma, tunakufunika shuka.

Na kuna gavana. Si yule wa kaunti, huyo hatujui anachoma nini. Gavana wa pampu ni kile chuma kinachohisi injini inakwendaje, kikapunguza mafuta au kikaongeza bila dereva kujua. Basi seli nayo inajipima. Chaji ikijaa inafunga kidogo, ikipungua inafungua. Ini linaweka sukari ya akiba, ukikaa bila kula linaitoa polepole. Mimi nimefunga magavana ya pampu maisha yangu yote, Wakesho, na sikujua nimejaa magavana mpaka kwenye vidole vya miguu.

Sasa shida ilipo. Sukari haiingii kwenye seli hivi hivi tu kama shemeji. Lazima mlango ufunguliwe. Kongosho, kinyama kilichojificha nyuma ya tumbo, kinatoa kitu kinaitwa insulini, kinapita kinabisha hodi, milango inafunguka. Kwangu mimi, kongosho limechoka na milango imekuwa viziwi. Hodi inapigwa, hakuna anayeitikia. Basi sukari inajaa nje, kwenye damu, na ndani seli zinalia njaa. Unakula, na unakufa njaa. Na ile siku ya Ngaremara niliharibu upande wa pili. Vidonge vilipiga hodi kwa nguvu, milango ikafunguka, na mimi sikuwa nimeleta chochote. Sukari kidogo iliyokuwepo ikaingia yote, ubongo ukabaki bila. Ubongo hauna subira. Ukikosa sukari kidogo tu, unamsalimia mbuzi.

Nilikumbuka mtungi wa mama, ule wa mbangara. Unakumbuka juisi ya miwa ilivyotulia jioni, asubuhi inachemka bila moto na kutoa povu mpaka inafukuza kifuniko? Qabale anasema wale ni wadudu hai wa seli moja moja, wanakula sukari kukiwa hakuna hewa ya kutosha. Wanaichoma nusu nusu, kinachobaki ndiyo pombe. Kumbe wazee wetu walikuwa wanalewa mabaki ya chakula cha wadudu, halafu wanatuhukumu sisi.

Nilitaka kuondoka nikiwa nimecheka hivyo. Nikafika mlangoni, nikarudi. Nikamwuliza nusu kwa mzaha, "Nesi, na sisimizi je? Mtu anaweza kutumiwa sisimizi?"

"Sisimizi wa wapi?"

"Wanaokuja pale mtu anapokojoa."

Aliweka kalamu chini. "Babu, sisimizi hatumwi na mtu. Anakuja kula. Sukari ikizidi kwenye damu, figo zinaimwaga nje pamoja na maji mengi. Ndiyo maana mtu anakojoa usiku kucha na kiu haiishi. Nani ana sisimizi?"

"Baba yangu alikuwa nao."

"Na sasa?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Babu. Na sasa nani?"

"Dada yangu."

"Anakonda?"

"Anasema ni kazi ya shamba."

"Ana kidonda?"

Nikainama, nikagusa mguu wangu kumwonyesha mahali. Akasema, "Sisimizi si kipimo. Wanaweza kuja kwa mambo yao. Lakini kiu, na kukonda, na kidonda, na baba. Mwambie apimwe. Usimwambie mwezi ujao."

Sasa najua utakavyosema, maana nakujua tangu ukila udongo. Utasema, mimi si mnene, kisukari ni ugonjwa wa wenye vitambi. Baba alikuwa na kitambi siku alipokufa? Seli zikikosa sukari, mwili unaanza kuchoma mafuta yake, halafu nyama yake. Ni kama mtu aliyekosa kuni akaanza kung'oa boriti za nyumba apikie. Chakula kinaiva, ndiyo, lakini kesho atalala wapi?

Utasema pia kwamba ukipimwa utaambiwa uache kila kitu kitamu, ubaki kula majani kama mbuzi wangu wa Ngaremara. Si hivyo. Mimi nakula. Nakula pojo na maharagwe, nakula mboga, kimanga chetu cha kuponda ningekula kama ungekuwa na huruma ya kunitumia. Nyirinyiri, ile nyama yao ya kukaangwa na kuwekwa ndani ya samli, naionja kidogo nikitazama pembeni. Vidonge nameza na chakula. Natembea mpaka soko la mifugo, naangalia ngamia nisiowanunua, narudi. Kilichoniumiza ni chai tu. Nilipomwambia Guyo asinitilie sukari, aliniuliza kwa uchungu, "Mwakio, nimekukosea wapi?" Tumeelewana hivi: ananiagizia chai yenye sukari kama zamani, heshima inabaki, halafu anakunywa yake, anakunywa na yangu. Nimemwambia apimwe na yeye. Amesema Mborana halisi hana sukari, ana maziwa. Huyo naye itabidi nimwandikie barua yake.

Na utasema, basi Mkamburi je? Mkamburi mwache. Ugomvi wa mfereji ni halali yako, endelea nao, maji ni maji na yeye kweli ni mwizi wa zamu. Lakini katika hili la sisimizi mtoe. Ninapolala namwona babake, yule mzee mwembamba, akipita njia ya juu na kofia yake mkononi. Alikuwa akisalimia kwanza, sisi tunatazama migomba. Alizeeka akisalimia watu wasioitika, na kosa lake lilikuwa kujenga karibu na ghala letu. Sitaki wewe uzikwe na lawama ileile ya uongo mdomoni.

Nisalimie mumeo, mwambie awe anakwenda mtoni mwenyewe. Nisalimie mwanao mkubwa wa kike, aliyekwenda kusomea ualimu, na yule mpwa wangu wa bodaboda. Msalimie mchungaji, mwambie sijafa, na sadaka yangu ipo njiani, imechelewa na vumbi. Shangazi yetu wa Mbale mpe salamu kwa sauti kubwa, kwa kuwa masikio yake nayo ni kama milango ya seli zangu. Na Mkamburi msalimie. Ndiyo. Jina lake halitakuunguza ulimi.

Jambo la mwisho, nalo ni haki yangu. Siku ya harusi yako viatu vya kuazima vilikukataa ukiwa nusu ya kilima, bwana harusi anangoja juu, wanakwaya wameanza wimbo upya. Nani alikubeba mgongoni, naye akiwa na suti ya kuazima pia, mpaka mlangoni mwa kanisa? Ukaninong'oneza sikioni, "Kaka, siku yoyote uniombe jambo dogo, sitalikataa." Nimekaa nalo miaka hii yote. Sikulitumia ulipouza baiskeli yangu. Sikulitumia hata mlipompa mbwa jina langu.

Leo nalidai. Asubuhi ya kwanza baada ya kuisoma barua hii, kabla ya chai, kabla hujaonja chochote, mwambie mpwa wangu akupakie pikipiki akushushe zahanati. Wape kidole kimoja, chochote, hata kile kidogo usichokitumia. Waambie baba yetu naye alikuwa na sukari. Nitakuwa nimekaa na simu mkononi, na pampu za watu zingoje. Wakikupa namba nipigie unitajie, iwe nzuri iwe mbaya, na ukishaitaja usikate.

Tone moja, Wakesho. Siombi zaidi ya hilo.

Ni mimi kaka yako,
Mwakio wa pampu.